Mgonjwa Anapoomba Kufa



Somo la kwanza la Dominika ya 19 ya Mwaka B latuonyesha Nabii Eliya ameketi chini ya mti jangwani, akimwomba Mungu aitwae roho yake, kwa maana amechoka. Tuangalie alivyojibiwa. Malaika hakumkemea, wala hakumpa mauti aliyoyaomba. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Na malaika akarudi mara ya pili.

Tulikumbuke somo hili tunapomfikiria katekista wa Delta ya Rufiji, aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani. Maumivu hayampi mgonjwa usingizi. Amwambia: "Mwalimu, nisaidie nife." Afanye nini?

Zipo nchi, kama Uholanzi na Ubelgiji tangu mwaka 2002, ambazo sheria yao humruhusu daktari, kwa masharti, kumtimizia mgonjwa ombi hilo. Kwetu Tanzania sivyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 216, yasema kuwa anayemsaidia mwenzake kujiua aweza kufungwa maisha. Kanisa nalo lilikataa tendo hilo bila kigugumizi katika waraka Evangelium Vitae wa mwaka 1995.

Lakini waraka uo huo wafundisha mambo ambayo wengi wetu hatukuyasikia. Mgonjwa aliye karibu na kifo aweza kukataa matibabu mazito yasiyomletea ila taabu. Aweza pia kupewa dawa ya kutuliza maumivu makali, hata ikiwa huenda ikafupisha siku zake, mradi asiyekusudiwa ni kifo. Tuseme wazi, kwa sababu tumewasikia waamini wakinong'ona kinyume chake: kunywa mofini aliyoandika daktari si dhambi, na anayemzuilia mgonjwa dawa hiyo ati apate kushiriki Msalaba amembebesha ndugu yake msalaba ambao yeye mwenyewe haubebi.

Shida yetu ni njia. Kutoka visiwani hungoja maji yajae, chombo kifike Nyamisati, ndipo mgonjwa apande gari hadi Kibiti, na pengine aendelee mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli hiyo huuza mbuzi, kisha huuza ngalawa. Mgonjwa huona yote hayo akiwa amelala, akajiambia kuwa amekuwa mzigo. Mara nyingi ombi la kufa huzaliwa hapo, wala si katika kidonda.

Hata kwa yule aliyekwisha kuchagua kifo hicho katika nchi zinazokiruhusu, barua ya Vatikano ya mwaka 2020, Samaritanus Bonus, yamtaka mchungaji asiwepo tendo linapofanyika, asije akadhaniwa amelikubali. Lakini kabla ya hapo yamtaka asimwache. Ikiwa huyo haachwi, itakuwaje kwa huyu wetu aliyeomba tu kwa uchungu?

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huko Delta, wanajua kukesha na mgonjwa. Tukeshe pamoja nao. Na jumuiya ndogo ndogo itakapokutana juma hili, mwenyekiti aulize kabla ya sala ya mwisho: usiku wa leo nani analala kwa mgonjwa, na dawa yake imebaki ya siku ngapi?