Homa ya Mgunda: Toka Zizini Hadi Nyumbani

Kama mama yuko jikoni na vijana wako uani, waite wasogee karibu na redio. Habari ya leo inamhusu kila mtu anayeingia zizini.

Mwezi wa Julai 2022, katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, watu waliugua ghafla. Walikuwa na homa, kichwa kiliwauma, mwili ulichoka, na wengine walitokwa na damu puani. Serikali ilipotoa taarifa tarehe 18 ya mwezi huo, watu 20 walikuwa wameripotiwa kuugua, na 3 kati yao walikuwa wamefariki. Vipimo vilionyesha kuwa ni homa ya mgunda. Mgunda, katika lugha zetu kadhaa, ni shamba.

Ndugu mfugaji, homa hiyo si ya watu peke yao. Ng'ombe huipata, na nguruwe, mbuzi, mbwa na panya vilevile. Huletwa na bakteria waitwao leptospira. Bakteria hawa hukaa katika figo za mnyama na kutoka nje kwa mkojo. Pakiwa na unyevu, kama kwenye tope la zizi, dimbwi la kunyweshea au majaruba ya mpunga, huweza kuishi majuma mengi. Jua kali na ukavu huwaua. Ndiyo maana ugonjwa huu hupenda masika na mafuriko.

Hapa pana jambo la kushika. Ng'ombe aweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anacheua, kumbe anatoa bakteria kwa mkojo kwa miezi mingi. Ukinunua ng'ombe wa namna hiyo mnadani ukamchanganya na wako siku hiyohiyo, umekwisha kuingiza ugonjwa bomani.

Je, utautambuaje? Ndama hupata homa, hukojoa mkojo mwekundu, na macho yake huwa ya manjano. Ng'ombe wa maziwa hupunguza maziwa ghafla. Kiwele hulegea, na maziwa huwa mazito ya manjano, pengine yenye damu. Ng'ombe mwenye mimba huitupa, mara nyingi mimba ikiwa kubwa, au huzaa ndama dhaifu. Lakini usikate shauri peke yako. Mkojo mwekundu huletwa pia na ugonjwa wa kupe, na kutupa mimba kuna sababu nyingi. Mwite bwana mifugo achukue damu ikapimwe.

Sasa fikiri: ni usiku, mvua inanyesha, ng'ombe wako anatupa mimba. Wewe unafanya nini? Wengi wetu tunakunja mikono ya shati na kuvuta kwa mikono mitupu. Kidole kina mchubuko wa jembe, mguu umepasuka kisigino, na maji ya uzazi yanaruka mpaka machoni. Hiyo ndiyo njia ya ugonjwa. Bakteria hupita penye jeraha, machoni, puani na mdomoni.

Kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 14, na pengine hata mwezi mzima, homa inaanza. Misuli ya miguu inauma na macho yanakuwa mekundu. Unasema, "Malaria hiyo," unanunua dawa dukani. Siku zinapita. Ugonjwa ukifika kwenye ini na figo, macho huwa manjano na mkojo hupungua. Hapo mtu aweza kufa. Na dawa ipo! Ikianzwa mapema, husaidia sana. Kwa hiyo nenda zahanati upimwe, na usingoje kuulizwa. Sema, "Daktari, mimi nafuga ng'ombe, na juzi mmoja ametupa mimba." Neno hilo moja laweza kuokoa maisha yako.

Tufanye nini basi?

Kwanza, vaa mabuti zizini, na glavu unapozalisha. Funika majeraha, kisha nawa kwa sabuni.

Pili, ndama aliyetupwa na kondo la nyuma vichomwe, au vifukiwe shimo refu mbali na maji. Usiwape mbwa. Mama mjamzito asishike vitu hivyo.

Tatu, chimba mfereji zizi likauke. Zungushia uzio dimbwi la maji machafu, na nywesha ng'ombe kwenye hori safi.

Nne, ng'ombe mgeni mtenge kwanza, mpaka bwana mifugo amwone.

Tano, fukuza panya. Funika pumba na chakula cha mifugo.

Sita, chemsha maziwa, na maji ya kunywa pia.

Pengine utauliza, "Na chanjo?" Chanjo za ng'ombe zipo, lakini leptospira ni wa aina nyingi, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. Mwulize bwana mifugo kwanza.

Ndugu zangu, mabuti yana gharama, ni kweli. Lakini sabuni na mfereji wa jembe havimshindi mtu. Usiku ule ng'ombe atakapotupa mimba, kumbuka mikono yako kabla hujaikunjua.