Kilimia na Jembe



Leo tunasoma Ayubu 38:31. Ayubu amepoteza mifugo na watoto, na Mungu anamuuliza kama yeye anaweza kuzifunga pamoja nyota za Kilimia. Ayubu hana jibu.

Kilimia ni kile kifungu cha nyota ndogo, sita au saba kwa macho yetu. Wagiriki wa zamani walisema ni mabinti saba wa Atlas, wanaomkimbia mwindaji Orion. Karibu na mwaka 150, huko Aleksandria ya Misri, Ptolemy aliandika orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Wazee wa pwani hawakuona mabinti pale juu. Waliona kazi: jina Kilimia linatokana na kulima. Na waliotafsiri Biblia yetu walichukua neno hilo la mkulima.

Hapa Mutoshi, mwezi wa kumi na moja, jua likizama, Kilimia kinatoka mashariki. Mvua zimeanza, udongo umelainika. Lakini sisi tunaangalia wapi? Tochi kichwani, macho chini, tunatafuta jiwe. Hatudharau kazi hiyo. Imelipa masomo ya watoto wetu. Lakini bei ya kobalti ikianguka, nyumba isiyo na shamba inalala bila bukari. Tunajua, kwa sababu tumelala hivyo.

Wengine wetu, kabla ya kushuka shimoni, tunakwenda kwa mganga atusafishie nyota. Tunalipa pesa ya unga ili tupate bahati. Wandugu, nyota haijui jina la mtu. Kilimia hakileti mvua, wala hakipandi hindi hata moja. Kinaonyesha majira tu. Aliyekifunga ni Mungu, na jembe ameliacha mikononi mwetu.

Basi jioni hii, kama hakuna mawingu, tuwatoe watoto nje, mbali na taa, tuwaonyeshe Kilimia na kuwaambia maana ya jina lake. Kesho tushike jembe, hata kwa kipande kidogo nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa wako majirani ambao shamba lao limeingia katika mgodi, mwenye shamba kubwa amwachie mjane matuta mawili. Hapo tutakuwa tumemjibu Mungu kwa mikono yetu.

Amina.