Soma Kibandiko cha Pawasaplai Kabla ya Kununua Kadi ya Grafiki

(Mazungumzo ya mkufunzi wa kompyuta mbele ya vikundi vya vijana vya Kitui na Makueni vinavyofanya kazi ya video na usanifu wa picha.)

 

Kazi ya video imeshafika kwetu. Harusi za Wote, nyimbo za injili za Mwingi, matanga na mikutano ya hadhara, yote hayo vijana wetu wanayarekodi na kuyahariri. Kazi ikiongezeka, kompyuta inaanza kulemewa. Kikundi kinachanga pesa, au kinachukua mkopo, kinanunua kadi ya grafiki. Kadi inachomekwa, halafu kompyuta inakataa kuwaka, au inazima katikati ya kazi ya mteja. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: wanachama wanamlaumu mweka hazina, mweka hazina anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuzaji.

Mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Kilichopungua ni umeme wa kuiendesha. Kwa hivyo leo naomba tuzungumze kuhusu kile kisanduku cha chuma kilicho ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawasaplai.

Kazi yake ni kuchukua umeme wa ukutani, ambao hapa Kenya ni volti 240, na kuugeuza kuwa umeme mdogo ambao vifaa vya ndani vinaweza kuutumia: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kadi ya grafiki hula hasa ule wa volti 12. Kila pawasaplai ina kikomo chake, kama punda wa kuteka maji. Punda aliyezoea mitungi minne ukimwongezea mitatu, atalala njiani, na maji hayatafika nyumbani.

Jambo la kwanza ni kujua mashine uliyo nayo. Kompyuta nyingi za mezani tunazonunua huku zilitumika kwanza katika ofisi za nchi za nje. Ni mashine imara, lakini ziliundwa kwa ajili ya barua na hesabu. Pawasaplai zake nyingi ni za wati 180, 240 au 300. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kasha, kisha usome kibandiko. Tafuta jumla ya wati, na pia ampea za volti 12. Ukizidisha ampea hizo kwa 12 utapata wati ambazo kadi na prosesa zitagawana. Kama kibandiko kinajivunia wati nyingi lakini ampea za volti 12 ni chache, amini ampea.

Jambo la pili ni hesabu. Chukua kadi ya GeForce RTX 3060. Inakula hadi wati 170. Prosesa ya Core i5-6500, ambayo ni ya kawaida katika mashine hizi, imepimwa kwa wati 65. Ubao mama, kumbukumbu, diski na feni tuvipe wati 60. Jumla ni 295. Pawasaplai ya wati 240 haiwezi, na hata ya wati 300 itakuwa imebanwa hadi shingoni, kwa sababu kadi hushtuka na kuvuta zaidi kwa nukta chache. Mtengenezaji wa kadi hiyo anashauri pawasaplai ya wati 550. Nafasi inayobaki inasaidia sana kwenye joto la Kibwezi au Mutomo, kwa maana pawasaplai inayofanya kazi kwa moto na vumbi huchoka mapema.

Wengine huuliza kama pawasaplai ya wati 550 itamaliza tokeni. Hapana. Hutoa kinachohitajika tu. Kompyuta ikivuta wati 300 kwa saa nne, ni uniti 1.2 na kidogo zaidi inayopotea kama joto, hata kama kisanduku kina uwezo wa wati 550.

Jambo la tatu ni plagi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Pawasaplai ya kawaida ina plagi kubwa ya pini 24 kwa ubao mama. Lakini mashine nyingi za ofisi, kama vile Dell OptiPlex na HP EliteDesk, hutumia plagi za aina yao, za pini 6 au 8, na pengine kisanduku chenye umbo la pekee. Ukinunua pawasaplai ya kawaida bila kuangalia, inaweza kukosa pa kuingia. Piga picha ya plagi na kibandiko, upime urefu na upana wa kisanduku, uende dukani na vipimo hivyo.

Kadi nayo ina mahitaji yake. Mahali inapochomekwa kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. Plagi ya pini 6 huongeza wati 75, na ya pini 8 huongeza 150. Usikubali kebo za kuunganisha zinazovuta umeme wa kadi kutoka plagi ya diski. Plagi hiyo haikuundwa kubeba mzigo huo, na inaweza kuyeyuka.

Kwa kikundi chenye mfuko mdogo, kuna njia nyingine. Kadi kama GTX 1650 hutumia wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji plagi ya ziada. Mtengenezaji anashauri pawasaplai ya wati 300, hivyo mashine yako ikiwa nayo, huenda usibadilishe chochote. Angalia tu kama kadi itatosha ndani ya kasha, hasa lile jembamba.

Ukibadilisha pawasaplai, fuata utaratibu. Chomoa waya ukutani, kisha ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Piga picha ya kebo kabla ya kuzitoa. Fungua skrubu za nyuma, badilisha kisanduku, rudisha kila plagi mahali pake. Plagi ya prosesa na ya kadi zinafanana lakini si moja. Ikikataa kuingia, usilazimishe. Kama kebo zinachomoka kwenye kisanduku chenyewe, tumia zilizokuja na hicho kipya tu. Na ukikuta swichi ndogo nyuma yenye 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka.

Kisanduku chenyewe usikifungue kamwe, hata kama umekichomoa. Ndani kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa kumuumiza mtu vibaya. Kikiharibika, usikichome wala kukitupa korongoni. Kituo cha WEEE jijini Nairobi hupokea taka za kielektroniki.

Kwa sababu umeme wetu hupotea na kurudi kwa kishindo, UPS ni muhimu. Soma wati zake, si VA, kwa kuwa idadi ya VA huwa kubwa kuliko wati inazoweza kutoa. Tumia soketi yenye ethi, na usikate ile pini ya tatu.

Mwisho ni haki yenu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili azitumie vyema. Dai risiti yenye jina la kadi, wati za pawasaplai na muda wa dhamana. Mweka hazina aiweke pamoja na ile hesabu ya wati, ili wanachama wote waione kabla pesa hazijatoka.

Sasa tusogee mezani. Kuna kompyuta tatu zimefunguliwa. Kila kikundi kisome kibandiko na kuniambia kadi gani inafaa.