Mzee wa Mizani Apanda Mizani

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu)

 

Leo tumekuja kuzungumza juu ya mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja, yaani siasa na kitambi. Msicheke. Mazungumzo haya yametokana na mzee mmoja tunayesoma naye darasa la jioni. Ana miaka 72. Ametupa ruhusa tumtaje, lakini jina lake tunaliacha. Tutamwita Mzee wa Mizani, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa karani wa kupimia pamba katika chama cha msingi.

Wazee mnakumbuka habari ya mizani hapa Usukumani. Wakati wa mkoloni mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, akaambiwa uzito wa pamba yake, akapokea alichopewa. Namba hazijui, atabisha vipi? Wakulima wakashuku kwamba mizani inawaibia. Wakaweka watu wao wa kusimama pale na kuhakikisha uzito. Vyama vya ushirika vilikua kutokana na madai hayo, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Ndugu Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Baba yake mzee wetu alikuwa mmoja wa wakulima hao. Ndiyo maana mzee husema kwamba siasa yeye aliijua kwa kilo kabla ya kuijua kwa hotuba.

Sasa sikilizeni. Mtu huyu aliyepima magunia ya watu maisha yake yote, akatenganisha pamba safi na fifi, yeye mwenyewe alikataa kupimwa. Zahanati walimwambia panda mizani, akasema mgongo unauma. Mara ya pili akasema viatu vina matope. Mara ya tatu hakwenda kabisa. Na wakati huo presha yake ilikuwa 160 kwa 100, miguu inavimba jioni, na kupanda kilima kidogo cha kwenda kisimani kunamfanya asimame mara tatu.

Tulimwendea nyumbani kumwuliza. Alitukaribisha vizuri, akaagiza chai, akaanza kwa mbali kama wafanyavyo wazee.

"Mwalimu," alisema, "wewe umezaliwa juzi. Sisi tulipokuwa vijana mwenye kitambi alikuwa na jina. Alikuwa mnyonyaji. Alikuwa kupe. Kwenye picha za magazeti walimchora na tumbo kubwa, amekalia mgongo wa mkulima mwembamba. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye mikutano nikasema wenye vitambi tuwaangalie. Sasa unataka nipande mizani mbele ya watoto wale wa zahanati, wasome namba?"

Hapo tukaelewa. Siyo mgongo wala matope. Ni aibu. Mzee alifundishwa kwamba unene ni hatia ya mtu mwingine, na sasa hatia imemkalia yeye tumboni.

Akaendelea kuzungumza siasa, nasi tukamwacha. Alitukumbusha Azimio la Arusha la mwaka 1967, na jinsi lilivyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Akatukumbusha kwamba Oktoba mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Mzee alikuwa mwanafunzi. Walisimama kandoni mwa barabara kumpokea, kisha wakamfuata mpaka miguu ikachoka. "Rais anatembea!" alisema. "Leo hata diwani haendi sokoni bila gari. Ningekuwa na uwezo, kila kiongozi angepimwa siku ya kuapishwa na siku ya kutoka. Sheria ya mwaka 1995 inawataka watangaze mali. Na kilo nazo wazitangaze!"

Tulicheka sana. Lakini hatukubaliani naye, na tulimwambia. Wako wembamba walioiba wakaendelea kuwa wembamba, na wako wanene waliofanya kazi ya watu kwa uaminifu mpaka mwisho. Mizani ya mwili haipimi moyo. Kisha tukamwuliza kwa heshima:

"Na wewe mzee, jana ulikwenda msibani kwa nini?"

"Kwa bodaboda."

"Msiba ulikuwa wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Pale ng'ambo ya shule."

Ni mwendo wa dakika kumi na tano. Mzee akatazama chai yake. Ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, tulimwona akitia.

Ndugu zangu, hebu tuangalie unene huu unatoka wapi, maana si dhambi wala si uchawi. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12 wakijifunza juu ya malaria, kichocho na safura, wakachimba vyoo. Mzee wetu alikuwa kiongozi wa kikundi. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Siku zile shida ya vijijini ilikuwa kupungukiwa. Nani angemfundisha mkulima kula kidogo? Angepigwa mawe.

Leo upungufu bado upo katika nyumba nyingi, hasa kwa watoto. Lakini katika nyumba hiyo hiyo mara nyingi yupo mtu mzima aliyezidi. Mzee aliacha kazi ya chama, akaacha jembe, watoto wakamletea hela za bodaboda. Wakwe wanampakulia ugali kama kilima, kwa sababu ya heshima. Misibani na kwenye mikutano ya kampeni mgeni wa heshima hupewa soda na pilau. Chupa moja ya soda ina gramu 30 za sukari au zaidi, yaani kama vijiko saba au vinane vya chai. Mafuta nayo, gramu moja ina nguvu mara mbili na zaidi ya gramu moja ya unga. Mwili usiotumia nguvu hiyo hauitupi. Unaiweka akiba, na ghala lake mnalijua liko wapi.

Basi mzee alikubali kupimwa, kwa sharti moja. Asipimwe zahanati. Apimwe kwenye mizani ya chama, asubuhi na mapema, na namba aisome mwenyewe. Tulikubali. Kweli siku hiyo alivua koti, akaijaribu mizani kwanza kwa jiwe analolijua uzito wake (karani ni karani), ndipo akapanda. Kilo 94. Urefu wake ni mita 1 na sentimita 65. Tukafanya hesabu pamoja: 1.65 mara 1.65, kisha 94 ukagawanya kwa jibu hilo. Ikatoka 34 na nusu hivi. Mtu mzima akipita 25 amezidi, akipita 30 amezidi sana. Mzee akasema polepole, "Hii ni fifi."

Toka siku ile mabadiliko aliyofanya ni machache. Sukari ya chai akapunguza hadi kijiko kimoja, baadaye akaiacha. Ugali nusu, mchicha na maharage zaidi, dagaa wapo. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na ile iliyokwisha kuwekwa mbogani. Na kutembea dakika 30, siku tano za wiki. Dawa za presha hakuziacha, na ninyi msiziache bila kumwuliza mganga wa zahanati.

Lililokuwa gumu si njaa. Lilikuwa watu. Mkwe wake alilia siku aliyorudisha ugali, akadhani amekosea. Ilibidi mzee amwite amweleze, jambo ambalo si la kawaida kwa mkwe. Halafu alipoanza kupungua, kijiweni wakaanza kunong'ona. Mnajua wenyewe. Tangu UKIMWI ulipoonekana Kagera mwaka 1983, mtu akikonda huku kwetu hapati salamu, anapata macho. Wengine wakasema eti watoto wamemtupa. Wiki moja mzee alirudi kwenye pilau kwa makusudi, ale mbele yao wamwone ni mzima. Kilo mbili zikarudi. Alitueleza haya kwa hasira, tena alitukasirikia sisi, akasema tumemfanya achekwe uzeeni. Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwomba tu tutembee naye kesho yake, naye akakubali bila kusema neno.

Ni kweli pia kwamba mzee anayekonda bila kukusudia lazima aende kupimwa, si wa kusifiwa. Na hakuna mzee wa kushindishwa njaa ili apungue haraka. Miguu itaisha nguvu kabla ya tumbo. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na kidogo zaidi ya hapo chini haidhuru.

Baada ya miezi sita Mzee wa Mizani ana kilo 88. Bado amezidi, hesabu fanyeni wenyewe. Presha imeshuka, kisimani anafika kwa kusimama mara moja. Siasa hajaiacha. Sasa hoja yake ni kwamba mwanakijiji yeyote anayedai kiongozi apimwe, lazima apande yeye kwanza. Mwenyekiti wa kijiji amesikia, na yuko hapa leo, amekaa kwenye benchi la mbele.

Mizani ya chama tumeiazima mpaka saa kumi, iko pale chini ya mwembe. Tutaanza na sisi maofisa, halafu mwenyekiti, halafu wengine. Anayeona haya tutamwandikia namba yake kwenye karatasi, aisome peke yake. Mzee ameshatangulia kuijaribu kwa lile jiwe lake.