Bidii ya Siku za Kawaida: Maneno ya Katibu katika Jubilii ya Miaka 25 ya Kwaya Yetu



 Kamati iliniomba niseme machache kuhusu bidii katika maisha ya Mkristo. Nadhani niliteuliwa kwa sababu katibu ndiye anayetunza daftari la mahudhurio, na daftari hilo linajua mengi. Msiwe na wasiwasi, sitasoma majina.

Hebu tupige hesabu kidogo. Miaka 25, mazoezi jioni mbili kila wiki, hizo ni jioni 2,600. Tuondoe likizo, siku za mvua kubwa na ile miezi ya mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona. Bado zinabaki zaidi ya 2,000. Wengi wenu mmetuona Jumapili tukiwa na sare, au siku ya mashindano. Jioni hizo 2,000 hamkuwapo, wala hakuna aliyetupigia makofi. Kulikuwa na mabenchi, stima iliyopotea katikati ya wimbo, na mwalimu akituambia turudie mstari uleule kwa mara ya tisa. Tunachosherehekea leo ni zile jioni.

Ukisoma Nyakati wa Kwanza sura ya 25 utawakuta waimbaji wa Daudi, wana wa Asafu, wa Yeduthuni na wa Hemani. Walikuwa 288, wamepangwa katika zamu 24 za watu kumi na wawili kumi na wawili. Mwandishi anatuambia kwamba walikuwa wamefundishwa kumwimbia Bwana na wameiva katika kazi hiyo. Kisha anaongeza kwamba zamu ziligawanywa kwa kura, mkubwa kwa mdogo, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Mimi hupenda sana kifungu hicho. Hakuna aliyechaguliwa zamu nzuri kwa sababu sauti yake ni tamu. Kipaji kilikuwapo, lakini kilifundishwa, kikapangwa, kikangoja zamu yake. Tumezoea kusema Mungu haangalii sauti, anaangalia moyo. Ni kweli, ila maneno hayo yasiwe mto wa kulalia kwa mtu ambaye hajafungua karatasi yake ya nota tangu Jumapili iliyopita.

Wakati wa korona tulijifunza jambo. Mwalimu alitutumia wimbo kwenye WhatsApp, kila mtu akatakiwa kujirekodi nyumbani akiimba sauti yake peke yake. Ndugu zangu, simu zilinyamaza siku tatu! Wengi wetu tulikuwa tumeimba miaka mingi tukiegemea sauti ya jirani. Sasa jirani hakuwepo. Waliotuma mapema hawakuwa wale wenye sauti kubwa. Walikuwa wale wa mstari wa nyuma ambao kila mara huja na kalamu.

Bidii ya Mkristo iko hapo, kwenye kazi unayofanya wakati hakuna sauti ya jirani ya kuegemea. Mafundi waliomo humu wanajua zege ikishamwagwa haijakomaa. Inataka kumwagiwa maji kila siku kwa wiki nzima, ama zaidi, ndipo iwe imara. Mwenye nyumba mara nyingi hayupo, na sakafu iliyonyimwa maji haitofautiani kwa macho na iliyopewa, mpaka miaka ipite ianze kupasuka. Sisi walimu vilevile. Unaweza kuingia darasani bila andalio la somo na watoto wasijue, maana wao watakusalimu na kuketi kama kawaida. Muuza maziwa anajua kama ameongeza maji. Bezaleli, yule fundi wa hema ya kukutania katika Kutoka sura ya 31, ndiye mtu ambaye Mungu alimtaja kwa jina na kusema amemjaza Roho, na alichojazwa Roho akifanye ni kuchonga mbao, kukata vito na kufua dhahabu. Roho Mtakatifu hakumngoja madhabahuni. Alimkuta kwenye karakana.

Lakini kuna jambo ambalo mara nyingi tunaliruka tunapohubiri bidii, nami nisingependa kuliruka leo. Andiko tunalolipenda, Wakolosai 3:23, kuhusu kufanya kazi kwa moyo kana kwamba ni kwa Bwana, Paulo aliwaandikia watumwa. Hawa ni watu ambao hakuna aliyewaambia ahsante. Aliwapa heshima kwa kuwaonyesha kwamba Bwana mwenyewe anaiona kazi yao. Na hakuishia hapo. Geuza ukurasa, sura ya 4 mstari wa 1, anawageukia mabwana na kuwaagiza wawape watu wao haki na usawa, kwa kuwa nao wana Bwana mbinguni. Kwa hivyo ukimsomea dada anayekusaidia kazi za nyumbani mstari wa 23, tafadhali usifunge Biblia kabla ya kufika sura ya 4. Mshahara wake wa mwezi uliopita ni sehemu ya andiko hilo.

Nasema hivyo pia kwa sababu ya daftari langu. Kuna mama katika sauti ya pili ambaye kwa miaka mingi ameandikwa "amechelewa" karibu kila Jumanne. Daftari haliandiki kwamba yeye huamka saa tisa usiku kwenda kununua mboga, hukaa kibandani hadi wateja wa jioni wapungue, kisha huja mazoezini moja kwa moja, kikapu mkononi. Anajua sauti yake yote. Yupo pia kijana wa bodaboda ambaye akija mapema ujue siku hiyo hakupata abiria. Hao si wavivu. Tukiwahesabu na yule anayekaa nyumbani akitazama mpira, tutakuwa hatujui maana ya neno bidii. Ndiyo sababu kamati imekubali tuanze mazoezi nusu saa baadaye kuanzia mwezi ujao, na faini ya kuchelewa imeondolewa. Najua wapo wasiofurahia uamuzi huo. Tumewasikia.

Na kupumzika ni sehemu ya utiifu. Mwaka wa jubilii katika Walawi 25 haukuwa mwaka wa kupanda wala kuvuna. Mwanakwaya anayehudhuria kila kamati, kila harambee na kila kesha huku watoto wake wakila peke yao jioni, huyo mwambieni arudi nyumbani. Tutamshikia nafasi yake.

Nimalize na tangazo. Nota za solfa tunazosoma zilianza na mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, aliyetafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kusoma muziki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835. Mchungaji John Curwen akaiendeleza, na ndiyo ikatufikia. Jumamosi ijayo tunaanza darasa la solfa kwa vijana na kwa yeyote asiyejua kusoma nota, saa nane mchana katika jumba la kanisa. Hakuna malipo. Njoo na daftari na penseli. Penseli, si kalamu ya wino, maana tutafuta sana.