Polisi Wakikunyima Kumbukumbu: Hatua za Kufuata Kabla ya Kufika Mahakamani



Tumekuja kueleza jambo linalowakwamisha wengi. Mtu huandikisha tukio katika kituo cha polisi, akapewa nambari ya OB. Kisha siku ambayo kampuni ya bima au wakili anahitaji nakala ya maandishi yale, huambiwa arudi kesho, na kesho hiyo haifiki. Wapo wanaokata tamaa, na wapo wanaokimbilia mahakamani wakaambiwa wamekuja kabla ya wakati. Leo tutaonyesha njia iliyowekwa na sheria, na mahali ambapo mamlaka ya mahakama huanzia.

Msingi wa haki hii ni Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kituo cha polisi, hata kikiwa kidogo na cha mashambani, ni sehemu ya Huduma ya Taifa ya Polisi, nayo ni chombo cha Serikali. Utaratibu wenyewe umo katika Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016.

Hatua ya kwanza ni ombi. Liandike kwa Kiswahili au Kiingereza, ukitaja kituo, tarehe na nambari ya OB. Asiyeweza kuandika hulitoa kwa mdomo, na afisa anayehusika ana wajibu wa kuliandika. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa gharama ya kunakili yaweza kutozwa. Sababu yako ya kutaka habari haiwezi kuwa kisingizio cha kukunyima. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana ndiyo ushahidi wa siku ulipoomba.

Afisa ana siku 21 za kuamua. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ana saa 48. Muda wa siku 21 waweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Muda ukipita bila jibu, sheria huhesabu kimya hicho kuwa ni kukataliwa. Hapo ndipo wengi hupoteza haki yao: wanasubiri jibu ambalo kisheria limekwisha kutolewa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Hatua ya pili si mahakama. Ni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Omba kwa maandishi, ndani ya siku 30, ichunguze uamuzi uliokunyima habari. Tume ina uwezo wa kuamuru habari itolewe.

Hatua ya tatu ndiyo Mahakama Kuu. Asiyeridhika na amri ya Tume hukata rufaa huko ndani ya siku 21. Na aliyeshinda, iwapo amri haitiiwi, aweza kuiwasilisha huko huko ili itekelezwe.

Je, mtu aweza kwenda Mahakama Kuu moja kwa moja? Kifungu cha 165 cha Katiba kinaipa mahakama hiyo mamlaka juu ya haki za msingi. Hata hivyo, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 hutaka njia nyingine zilizopo zitumiwe kwanza, isipokuwa mahakama imeombwa na kukubali kwamba kuna hali ya pekee. Asiyeonyesha hali hiyo huenda kesi yake ikatupwa bila hoja zake kusikilizwa. Haraka haraka haina baraka.

Mshtakiwa katika kesi ya jinai hana haja ya kuzunguka hivi. Kifungu cha 50 humpa haki ya kujulishwa mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na dai hilo hulitoa mbele ya mahakama inayosikiliza kesi yake.

Tusisahau kwamba polisi nao wana sababu halali za kukataa, kama vile usalama wa taifa, faragha ya mtu mwingine au usalama wa maisha yake. Hata hapo, mahakama yaweza kupima na kuamua kwamba manufaa ya umma yanazidi madhara ya kufichua.

La mwisho ni onyo. Ikiwa unakusudia kuidai Serikali fidia ya madhara, kwa mfano umegongwa na gari la polisi, sheria hukupa miezi 12 tu ya kufungua kesi. Barua ya kuomba kumbukumbu haisimamishi muda huo. Omba mapema, hesabu siku zako, na umwone wakili kabla mwaka haujaisha.