Siha ya Daktari Tarajali

Tabibu kijana ambaye, baada ya kusoma udaktari kwa miaka 5, huingia hospitalini kwa mwaka 1 wa utarajali, aghalabu hukesha wodini usiku kucha, akimpima huyu shinikizo la damu na kumshona yule jeraha, hata alfajiri ikamkuta hajatia kitu tumboni ila chai ya rangi na andazi la jana, kisha akaanza zamu ya asubuhi kana kwamba alilala. Wataalamu wa Australia walidhihirisha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, ushirikiano wa mkono na jicho lake huzorota sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Na Marekani, tangu mwaka 2003, imewawekea madaktari walio mafunzoni kikomo cha wastani wa saa 80 kwa juma, kiasi ambacho, kwa rai yetu, bado ni kikubwa mno.

Basi enyi wakuu wa zamu, mpeni kijana huyu wasaa wa kula ugali wake ungali moto, na baada ya mkesha aende nyumbani akalale. Nanyi jamaa zake, akirudi, tafadhalini msimtume sokoni.